Niliandika "sawa" huku swabu moja haijaonekana

Msomaji wetu ni muuguzi katika hospitali moja ya umma mjini Kisumu. Ameomba jina lake na la hospitali visitajwe.

Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka minne kazini, yote ya mkataba. Niko wodi ya upasuaji ya wanaume. Vitanda ni 32, lakini wagonjwa hufika 40 na wengine hulala wawili wawili. Usiku tuko wauguzi wawili. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, ikizidiwa, mmoja wetu huitwa akasaidie, na mara nyingi huwa ni mimi kwa sababu niliwahi kufanya kazi huko miezi sita.

Wiki tatu zilizopita niliitwa hivyo. Mwendo wa saa saba usiku walikuwa wametoka kwenye sizari (upasuaji wa kujifungua), meza ikapanguswa, akaletwa mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye utumbo wake ulikuwa umejipinda. Mimi nilikuwa wa kuzunguka, yule asiyevaa kanzu tasa (isiyo na vijidudu), anayeleta vifaa, kuhesabu na kuandika. Aliyevaa alikuwa sista inchaji wa kitengo chetu mwenyewe. Aliitwa kutoka nyumbani kwa kuwa mwenye zamu aliugua.

Tulianza na swabu kubwa za tumbo, zile shashi za kunyonya damu, pakiti mbili, tano tano, tukahesabu pamoja: kumi. Ubao wa kuandikia upo ila kalamu yake ilikauka zamani, nikaandika kwenye karatasi ya glavu. Katikati damu ikaanza kutoka kwa wingi, daktari akaitisha swabu. Nikafungua pakiti, tukahesabu. Akaitisha tena kwa sauti. Hiyo ya nne niliiangusha mezani bila kuhesabu, nikaandika tu 5. Jumla 20.

Wakati wa kufunga tumbo tukapata 19. Tukarudia, 19. Nikasema, "Daktari, tunakosa moja." Hakuinua kichwa. Alisema ameshapitisha mkono kila pembe na hakuna kitu, presha ya mzee inashuka, lazima atoke mezani. Fundi wa eksirei alikuwa kwake. Sista akaniangalia, akasema polepole, "Andika sawa, tutaitafuta." Nikaandika sawa, nikatia sahihi, naye akatia yake.

Saa kumi na moja alfajiri mama wa usafi akaja na swabu iliyoloa damu, kaitoa kwenye gunia la nguo za dobi. Sista akashusha pumzi, akacheka: "Si nilikuambia?" Mzee aliendelea vizuri, akaruhusiwa siku ya tisa, atarudi kliniki. Hakuna aliyeumia, na tangu hapo hakuna aliyelitaja tena. Ikawa funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa wiki jana mwanafunzi wa shahada ya uzamili ametuletea hojaji kuhusu utamaduni wa usalama wa mgonjwa katika vitengo vya upasuaji. Juu imeandikwa "Usiandike jina." Lakini ukurasa wa kwanza unauliza jinsia, umri, elimu, miaka ya kazi, kitengo, na kama umeajiriwa wa kudumu au wa mkataba. Tuko wauguzi kumi na mmoja. Wa mkataba ni mimi na mwenzangu mmoja, naye ni mwanamume. Yaani hata nisipoandika jina nimeliandika. Na fomu zikijazwa zinarudishwa kwa inchaji, kwenye bahasha ya kaki iliyo wazi, ndani ya droo ya juu ya meza yake.

Wenzangu walijaza zao wakati wa chai ya saa nne, wakipeana majibu kama watoto wa shule. "Hiyo weka nakubali sana." Kuna swali kama tuko huru kumuuliza mwenye cheo tukiona jambo linatia shaka. Kuna lingine linasema kwamba makosa makubwa zaidi hayatokei hapa kwa bahati tu. Hapo ndipo kalamu yangu iliganda. Fomu yangu bado iko kwenye mkoba.

Sista si mtu mbaya. Mambo mengi ya thieta ninayoyajua amenifundisha yeye, na mama yangu alipolazwa alimwangalia kama wa kwake. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi minne, na barua ya mapendekezo huandikwa na yeye. Nikisema ukweli, nimemchomea. Nikinyamaza, naona kama natia sahihi kwenye "sawa" mara ya pili. Mwenzangu niliyemdokezea aliniambia, "Ile kesi ya 2018 ya mgonjwa kupasuliwa kichwa kimakosa pale Kenyatta haikukufundisha? Utamwaga unga."

Nifanye nini? Au mimi ni mwoga tu?

Muuguzi, Kisumu

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hukunyamaza. Saa za usiku wa manane, mbele ya daktari na mbele ya anayekuandikia mapendekezo, ulisema "tunakosa moja." Kilichokosekana ni hatua ya pili, na hiyo haitoki kwenye kifua cha mtu mmoja. Hutoka kwenye makubaliano ya timu yaliyofanywa kabla mgonjwa hajaletwa: hesabu isipotimia, nani anafanya nini. Inaonekana kwenu hayapo, au yapo kwenye faili ambalo halifunguliwi.

Umeleta fundo la nyuzi tatu. Kuna hojaji, kuna rekodi uliyotia sahihi, na kuna mzee. Kuhusu hojaji umeandika kwa kirefu, kuhusu sahihi kwa aibu, na kuhusu mzee umefunga kwa maneno mawili: "hakuna aliyeumia." Mimi nitaanza na mzee, kwa sababu hilo nina shaka nalo.

Swabu iliyopatikana alfajiri, mna hakika gani kwamba ni ile ya ishirini? Kabla ya mzee kulikuwa na sizari. Gunia la dobi lilibadilishwa baada ya sizari, au lilikuwa lile lile? Kama ni lile lile, swabu hiyo inaweza kuwa ya yule mama. Halafu kuna pakiti ya nne, ambayo hamkuihesabu. Pakiti nyingi hospitalini kwetu hukunjwa na kufungwa na watu wa chumba cha kusafishia vifaa, na mkono wa binadamu huweka nne mahali pa tano, au sita. Kwa hiyo kuna hadithi kadhaa, na zote zinaingia kwenye ushahidi ulionao. Huenda swabu zilikuwa 20 na ya mwisho ilijiviringisha kwenye shuka la upasuaji, ikaenda guniani. Hiyo ndiyo hadithi ya sista, na huenda ndiyo ya kweli. Huenda zilikuwa 19 tangu mwanzo na mlitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Au zilikuwa 20, ya guniani ni ya sizari, na moja iko tumboni mwa mzee.

Sikuandikii hivi ili kukutisha. Lakini mzee kuruhusiwa siku ya tisa akiwa anatembea hakufungi mjadala. Swabu iliyosahaulika inaweza kukaa kimya wiki, miezi, hata miaka, kisha ikaja kama homa isiyoeleweka, jipu, uvimbe, utumbo kuziba, au kidonda kinachotoa maji kila siku. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa waliosahauliwa vifaa mwilini na wengine waliofanyiwa upasuaji kama wao. Upasuaji wa dharura uliongeza hatari karibu mara tisa, na mpango uliobadilika ghafla katikati ya kazi karibu mara nne. Kwa wale ambao hesabu ilifanywa, kesi nyingi zilikuwa zimeandikwa kwamba hesabu imetimia. Kwa hiyo karatasi yenye neno "sawa" haimtoi mzee kwenye hatari.

Hapa nasema bila kuzunguka: swali la mzee linaweza kujibiwa kwa picha moja ya tumbo, na anarudi kliniki. Kabla ya hapo angalia swabu zenu zenyewe. Zina ule uzi wa rangi, mara nyingi wa buluu, unaoonekana kwenye eksirei? Kama unao, picha ya kawaida inayoonyesha tumbo zima hadi nyonga itatosha kwa mwanzo. Kama ni shashi iliyokatwa na kushonwa hospitalini bila uzi huo, eksirei inaweza kuipita. Basi aliyepiga picha aambiwe anatafuta nini, na ultrasaundi ifikiriwe, kwani shashi humo huonekana kama kitu king'avu chenye kivuli kizito nyuma yake. Picha iliyoandikwa tu "maumivu ya tumbo" husomwa kwa jicho tofauti na iliyoandikwa "hesabu ya swabu haikutimia."

Naye mzee ana haki ya kuambiwa kwa nini anapigwa picha. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kujua hali yake. Anayefaa kumweleza ni daktari aliyempasua, si wewe peke yako kwenye korido.

Sasa rekodi. Ruhusu nitenganishe vitu viwili ambavyo usiku ule vilifungwa pamoja: kufunga tumbo, na kuandika sawa. Mimi sikuwepo, na presha ikishuka kweli, kumfunga mgonjwa haraka na kumtoa mezani kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa. Utaratibu unaruhusu. Hesabu ikikosa, muuguzi hutangaza, hesabu hurudiwa, daktari hutafuta ndani ya jeraha, wengine hutafuta sakafuni, kwenye ndoo, chini ya mgonjwa, kwenye mashuka, hata chini ya viatu. Isipoonekana, picha hupigwa kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Akiwa hali mbaya, anahudumiwa kwanza na picha hufuata pindi akitulia. Na kwenye fomu panaandikwa: hesabu haikutimia, 19 kati ya 20, hatua hizi zimechukuliwa, daktari fulani ameamua hivi kwa sababu hii. Hilo ni jibu halali, dada. Wauguzi wengi wanafunzwa kuhesabu, lakini hawaambiwi kwamba "haikutimia" ni neno linaloruhusiwa kuandikwa na kutiwa sahihi. Wanadhani fomu ina mlango mmoja.

Je, rekodi irekebishwe? Ukiamua hivyo, kuna njia inayokubalika na kuna njia ya kukuangamiza. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane karatasi na kuandika nyingine, na usirudishe tarehe nyuma. Nyongeza huandikwa kama nyongeza, kwa tarehe na saa ya leo. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Nyongeza iliyochelewa. Hesabu ya mwisho ya swabu za tumbo usiku wa tarehe fulani ilikuwa 19 kati ya 20, ilirudiwa mara moja. Pakiti ya nne haikuhesabiwa ilipofunguliwa. Daktari aliarifiwa kabla ya tumbo kufungwa. Swabu moja ilipatikana saa 11 alfajiri kwenye gunia la dobi. Eksirei haikupigwa."

Hakuna "aliniambia niandike," hakuna "nililazimishwa." Nani alisema nini ni habari ya mazungumzo mengine. Hatari yake ni wazi: unakiri kwa mwandiko wako kwamba sahihi ya kwanza haikuwa ya kweli, na kuna hospitali ambazo zitakujibu kwa barua ya kujieleza badala ya shukrani. Hatari ya kuiacha nayo ipo. Mzee akirudi baada ya miezi sita na uvimbe, faili litafunguliwa na sahihi mbili zitasomwa, yako ikiwa ya mtu wa mkataba. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wauguzi, zungumza na mwakilishi kabla ya kuandika. Na usipige picha za faili kwa simu, wala usipeleke kisa hiki kwenye kikundi cha WhatsApp hata kwa mafumbo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na shauri la usalama wa mgonjwa linaweza kugeuka kuwa shauri lako la kuvujisha siri. Kumbukumbu zako binafsi ziandike nyumbani, bila jina wala namba ya mgonjwa.

Nakuja kwa sista, na hapa nakuuliza polepole. Una hakika kwamba kumwambia ni kumchomea? Umeshamwona kama ukuta kati yako na ukweli, lakini yeye pia aliitwa kutoka kitandani, alivaa kanzu kwa sababu zamu ilikuwa pungufu, na sahihi yake iko pale pale chini ya yako. Kicheko cha alfajiri kinaweza kuwa cha dharau. Kinaweza pia kuwa cha mtu aliyekuwa akiomba Mungu kimoyomoyo kwa saa mbili. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ukichagua kuanza naye, usianze na "ulinifanya niandike." Anza na mzee. Epuka muda wa chai na muda wa kupeana ripoti. Mwombe dakika kumi mlango ukiwa umefungwa. "Sista, ule usiku wa utumbo bado unanisumbua. Pakiti ya nne sikuihesabu, na sina hakika gunia lilibadilishwa baada ya sizari. Mzee anarudi kliniki. Naomba tumwambie daktari aandike picha." Utaona umeanza na kosa lako mwenyewe, na hilo si unyenyekevu wa bure: mtu husikia zaidi akiona hajaletewa mashtaka. Anaweza kusema "tulia, nitazungumza naye," na akazungumza. Anaweza kusema hivyo na asizungumze. Kwa hiyo muulize siku gani. Anaweza pia kukasirika, na miezi minne ni mirefu chini ya mtu aliyekasirika. Likitokea hilo, daktari mwenyewe anaweza kuandika picha bila kupitia kwa sista. Juu yao kuna matroni na yule anayeshughulikia ubora wa huduma hospitalini.

Hospitali yenu ikiwa na fomu ya kuripoti matukio, tukio la kuponea chupuchupu linastahili kuandikwa humo. Fomu hiyo huwekwa kando na faili la mgonjwa. Andika muda, mfuatano na vifaa, si tabia za watu: kalamu ya ubao ilikuwa kavu, hesabu iliandikwa kwenye karatasi ya glavu, pakiti moja ilifunguliwa bila sauti ya pili, mwenye zamu hakuwepo, fundi wa eksirei alikuwa nyumbani. Msomaji mwenye busara ataona mambo matano yanayoweza kurekebishwa. Msomaji asiye na busara atauliza tu "ni nani huyu?" Kabla ya kuandika, jaribu kukumbuka fomu kama hizo zilizopita kwenu ziliishia wapi.

Sasa hojaji, ambayo ndiyo iliyokufanya ushike kalamu.

Maswali mawili uliyoyataja yanafanana na ya hojaji iliyotolewa mwaka 2004 na shirika la serikali ya Marekani la utafiti na ubora wa huduma za afya, ambayo wanafunzi na hospitali nyingi duniani wameichukua. Kama ndiyo, ujue jinsi inavyohesabiwa. Kwa kila swali huangaliwa ni asilimia ngapi wametoa jibu linalosifu usalama, na maswali yaliyoandikwa kwa kukanusha hugeuzwa kwanza. Jambo likifika asilimia 75 huitwa nguvu ya kitengo. Likiwa 50 au chini ya hapo, ni la kurekebishwa. Ninyi ni kumi na mmoja. Tisa wakitoa jibu la kusifu, kwamba mko huru kumuuliza mwenye cheo, hiyo ni asilimia 82, nguvu. Wakiwa wanane, ni 73, na neno "nguvu" haliandikwi. Mtu mmoja ana uzito huo kwenye kitengo kidogo. Hiyo ndiyo sababu unaogopa kutambulika, na ndiyo sababu pia jibu lako si tone baharini.

Lakini je, hojaji ni mahali pa kisa chako? Nadhani umeipa mzigo usio wake. Inauliza unavyoyaona mazingira kwa jumla. Haiulizi nani alifanya nini usiku wa tarehe fulani. Hakuna mtu atakayepigiwa eksirei kwa sababu ulitia alama kwenye kisanduku. Unaweza kusema kweli humo bila kulitaja tukio, na unaweza kulishughulikia tukio bila kujaza hojaji hata kidogo. Tena ukweli wako si lazima uwe mweusi wote. Wauguzi sehemu nyingi hutoa alama za juu kwa ushirikiano ndani ya timu yao, na za chini kwa hofu ya lawama na uhaba wa watu. Barua yako inasema karibu hivyo hivyo. Mahali ambapo sista alikufundisha, mpe alama yake.

Kuhusu kutambulika, una haki zaidi ya unavyofikiri. Utafiti wa namna hii Kenya huhitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, na fomu ya ridhaa huwa na namba ya simu ya mtafiti. Mpigie. Huna haja ya kumweleza kisa. Muulize kama unaweza kumkabidhi fomu mkononi, ikiwa kwenye bahasha uliyoifunga kwa gundi. Kama unaweza kuacha wazi umri, jinsia na aina ya ajira. Na kama matokeo ya kitengo cha watu kumi na mmoja yatatolewa peke yake au yataunganishwa na vingine. Mtafiti makini atakushukuru, maana fomu kukusanywa na msimamizi kwenye droo yake kunaharibu utafiti wake kabla hajaanza kuhesabu. Akibabaika, hilo nalo ni jibu. Kisanduku cha maoni mwishoni kiache kitupu: mwandiko wako unajulikana kwenye kila chati ya wodi.

Unaruhusiwa pia kutojaza. Kushiriki ni hiari, na fomu tupu haisemi uongo. Ina hasara moja, kwamba waliobaki watakusemea. Ninachokuomba ukipime kwa makini ni njia ya tatu, kujaza kama wenzako ili mambo yaishe, kwa sababu umeshasema mwenyewe inafanana na nini.

Kuhusu ile kesi ya 2018, mwenzako ameikumbuka nusu. Waliosimamishwa hawakuwa wauguzi peke yao. Daktari na mtaalamu wa ganzi walikuwemo, na mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima. Mgonjwa hakuchanganywa na mwingine kwa kosa la mtu mmoja mwovu, alipita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akidhani mwenzake amehakikisha. Hofu yake ina msingi, sitaipuuza. Ila somo alilolitoa humo, kwamba tunyamaze, silioni.

Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani iliwekwa kwa ajili ya usiku kama wenu. Ina vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla ya ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Ilipojaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Humo kila mtu hutaja jina lake na kazi yake kabla ya kuanza. Watu hulicheka hilo, "tunajuana," lakini aliyeshatoa sauti mara moja hutoa ya pili kwa urahisi zaidi. Na kwenye kituo cha tatu ni muuguzi anayetamka hesabu kwa sauti, si daktari.

Kuna mambo madogo unayoweza kuyaanzisha bila kumgusa mtu. Kalamu ya ubao bei yake haizidi nauli ya kwenda Ahero na kurudi; nunua mbili, moja ifungwe kwa uzi kwenye ubao. Pakiti yoyote ikifunguliwa, ihesabiwe kwa sauti mbili hata damu ikiruka. Yenye idadi mbaya itolewe na kuwekwa kando, isichanganywe. Swabu zilizotumika zipangwe tano tano mahali zinapoonekana na kila mtu, zisirundikwe kwenye ndoo. Gunia na ndoo visitoke thieta kabla ya hesabu ya mwisho, na vibadilishwe kabla ya mgonjwa anayefuata. Na timu ikubaliane maneno ya kupanda ngazi. Kwanza, "Nina wasiwasi, tunakosa moja." Asiposikika: "Daktari, sijaridhika, naomba usubiri turudie." Mwisho: "Hili ni la usalama wa mgonjwa, tusimame." Maneno yakishakubaliwa mchana, usiku hayaonekani kama utovu wa adabu. Wazo hili unaweza kulipeleka kwa sista kama lako na lake pamoja.

Hojaji inaweza kukaa kwenye mkoba wako wiki moja zaidi, haitaoza. Mzee ana tarehe kwenye kadi yake ya kliniki. Iangalie kwanza.

Mshauri wako